Ufukwe Ulioachwa na Maji si Shamba Jipya

Ziwa Victoria lina njia moja tu ya kutoa maji yake: Mto Nile, mjini Jinja, Uganda. Zamani mwamba wa Maporomoko ya Ripon ndio uliopima maji hayo. Tangu Bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, kazi hiyo hufanywa na milango ya bwawa, kwa makubaliano kuwa maji yatoke kwa kiasi kilekile cha asili.

Mwaka 2004 na 2005, ukame ulikutana na ufunguaji wa maji uliozidi kiasi hicho ili kuzalisha umeme. Kufikia 2006 ziwa lilikuwa limeshuka hadi kiwango cha chini kabisa katika takriban miaka 80. Maeneo ya mafunjo wanamokulia samaki wachanga yalikauka, na maji yakaiacha mialo mbali. Mwaka 2020, baada ya mvua kubwa, maji yalirejea na kufunika mashamba na nyumba za ufukweni.

Milango ya Jinja haimo katika mamlaka yetu, ufukwe umo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kabla ya kulima au kujenga, mwananchi anashauriwa kufika kwanza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wake.