Dirisha Lenye Mstari Mwekundu

"Fundi, nimefuta mpaka kidole kinauma, lakini diski bado inaniambia imejaa."

Aliyesema hivyo ni mama mwenye steshenari jirani na soko la Mwanjelwa, Mbeya. Anapiga picha za pasipoti, anatoa kopi, anachapa barua za kuomba kazi, na picha zote za wateja anaziweka kwenye diski moja ya nje. Kompyuta yake ni ya mtumba, inaendeshwa na Linux Mint, na aliyemwekea Mint hiyo ni mimi. Nikamuuliza amefutia wapi.

"Kwenye lile dirisha lenye mstari mwekundu. Si wewe uliyemfundisha kijana?"

Kweli, ni mimi. Miezi michache kabla, kijana wake wa dukani alinipigia simu: kila akitaka kufuta folda ya zamani, anaambiwa hana ruhusa. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia abofye kitufe cha kulia cha kipanya, achague kufungua folda kama ruti, aingize nywila, afute. Ushauri wa sekunde kumi. Makala hii ni ya kulipa deni hilo.

Kwenye Linux kila faili lina mwenyewe, na kompyuta humtambua mwenyewe huyo kwa namba, jina ni la kutusaidia sisi binadamu tu. Mtumiaji wa kwanza kusajiliwa kwenye Ubuntu au Mint hupewa 1000, wa pili 1001. Juu yao yupo mwenye namba 0, anayeitwa root, ambaye mafundi wengi tumezoea kumwita ruti. Huyo hasimamishwi mlangoni. Programu nayo hurithi namba ya aliyeifungua: ukiwa 1000, dirisha lako la mafaili litagusa vile tu ambavyo 1000 anaruhusiwa kuvigusa. Dirisha hilo kwenye Mint linaitwa Nemo, kwenye Ubuntu ni Nautilus, wenye Xubuntu wanatumia Thunar na wenye Kubuntu wanatumia Dolphin. Majina tofauti, kanuni ileile.

Diski ya mama ilikuwa imeandaliwa kwenye kompyuta ya zamani, ambako yeye alisajiliwa wa pili. Picha zote zikaandikwa ni mali ya 1001. Kwenye kompyuta mpya yeye ni 1000. Kwa hiyo picha ni zake, duka ni lake, ila kwa hesabu za Linux ni mgeni anayepapasa mali ya mtu mwingine.

Sasa fikiria ofisi ya mtendaji wa kijiji. Unapeleka barua ya utambulisho, mtendaji anaisoma, anagonga muhuri, anaurudisha kwenye droo. Amri ya sudo, iliyoandikwa na Bob Coggeshall na Cliff Spencer yapata mwaka 1980 kwenye chuo kikuu kimoja cha Buffalo, Marekani, ilikusudiwa kazi ya namna hiyo: unaandika amri moja, inapata nguvu za ruti, ikimaliza nguvu zinakwisha nayo. Kufungua dirisha zima la mafaili kama ruti ni kuutoa muhuri kwenye droo na kutembea nao mtaani. Ulichukua kwa ajili ya barua moja, lakini kila karatasi itakayopita mbele yako sasa inaweza kugongwa.

Na dirisha la mafaili hupitiwa na karatasi nyingi kuliko unavyodhani. Ukifungua folda ya picha, linasoma kila picha ili likutengenezee kijipicha cha kuonyesha. Linaandika kumbukumbu ya ulikopita. Ukibofya faili mara mbili, programu itakayolifungua nayo inazaliwa ikiwa na namba 0. Flashi ya mteja yenye faili lililotegwa, ambayo kwa kawaida ingeishia kusumbua mafaili yako tu, hapo inakuta mlango wa nyumba nzima uko wazi. Tena kuna jambo dogo linaloumiza zaidi ya virusi: mkono kuteleza. Laptopu zetu za mtumba nyingi pedi zake za kugusa zimechoka, unabeba folda moja unaidondosha ndani ya nyingine bila kujua. Ukiwa 1000, ujumbe wa kukatazwa unakuokoa. Ukiwa 0, folda ya /etc inahamia kwa jirani kimyakimya, na kompyuta utakapoizima na kuiwasha tena ndipo utakapojua.

Tatizo la mama lilikuwa la upole zaidi. Unapofuta faili la diski ya nje kwa dirisha la mafaili, Linux hailifuti papo hapo. Inalihamishia kwenye folda iliyofichwa, palepale juu ya diski, na jina la folda hiyo hubeba namba ya aliyefuta. Angefuta yeye, ingekuwa .Trash-1000, na vitu vingeonekana kwenye pipa lake la takataka avimwage. Lakini aliyefuta ni ruti, kwa hiyo vilienda .Trash-0. Pipa la mama likawa tupu, diski ikabaki imejaa, na folda yenyewe hana ruhusa hata ya kuichungulia.

Kisa cha pili ni cha Iringa. Mwanafunzi mmoja anayepanga Kihesa alitaka kubadilisha faili moja la mipangilio kwenye Ubuntu yake, toleo la 18.04. Akaandika sudo nautilus kwenye terminali, dirisha likafunguka, akafanya kazi yake, akalala. Asubuhi anaingiza nywila, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu inamrudisha palepale pa kuingiza nywila. Mara kumi. Alinipigia nikiwa kwenye basi natoka Mbeya, tumeshaipita Makambako, mtandao unakuja na kuondoka kwa kadiri ya vilima.

"Shikamoo fundi, kompyuta imenikataa."

Matoleo ya Ubuntu ya wakati huo yalikuwa na tabia moja: sudo ilikupa nguvu za ruti lakini ikakuachia folda yako ya nyumbani. Dirisha likiwa na namba 0 likaandika mafaili yake ndani ya nyumba ya 1000, na baadhi yakabaki na jina la ruti. Moja lilikuwa .ICEauthority, ambalo mfumo unalihitaji wakati wa kukuingiza. Mwenye nyumba akawa hawezi kufungua faili lililo chumbani kwake mwenyewe. Tabia hiyo ilibadilishwa Ubuntu 19.10, ila kompyuta zenye matoleo ya zamani bado zimejaa mitaani.

Nikamwambia abonyeze Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, aingie kwenye ile skrini nyeusi ya maandishi, aandike ls -la. Akanisomea mstari mmoja mmoja hadi tukaona neno root lililokaa mahali pa jina lake. Kisha, ili faili lirudi kuwa lake, sudo chown, jina lake, nukta mbili, nafasi, nukta, ICE kwa herufi kubwa. Abiria aliyekaa pembeni yangu alinitazama kama mtu anayepiga ramli kwa simu. Tulipofika Mafinga mwanafunzi alikuwa ameshaingia.

Watengenezaji wa mifumo hii waliyaona hayo kabla yetu. Kifaa cha gksu, kilichotumika miaka mingi kufungulia madirisha kama ruti, kiliondolewa Debian na Ubuntu mwaka 2018. Dolphin ilianza kukataa kabisa kufunguliwa kwa sudo mwaka 2017, watu wakalalamika sana, na mwaka 2022 ikaja njia ya kati iitwayo kio-admin. Na mfumo wa kuchora skrini uitwao Wayland, unaotumika sasa kwenye Ubuntu, mara nyingi haumpokei ruti mezani kwake. Unaandika sudo nautilus na unaambulia mistari ya makosa.

Njia ninayomfundisha mtu sasa ni hii. Kwenye Nautilus bonyeza Ctrl na L, sehemu ya anwani ifunguke, andika admin:///etc au folda yoyote unayoitaka, weka nywila. Dirisha lenyewe linabaki kuwa la 1000. Pembeni yake kuna mtumishi mdogo anayepewa nguvu za ruti kwa ajili ya kusoma na kuandika mafaili ya anwani hiyo. Mtendaji kabaki ofisini, wewe unapeleka barua. Kwa wenye Dolphin, ukishaweka kio-admin utaona kwenye menyu nafasi ya kutenda kama msimamizi. Kwa kubadilisha faili moja la maandishi, sudoedit inatosha: inakupa nakala uihariri kama wewe, ukimaliza ndipo inairudisha mahali pake kwa nguvu za ruti.

Nisiifanye njia hii ionekane kama kinga ya kila kitu. Anayekagua ruhusa hizo ni polkit, na mwezi Januari 2022 ilitangazwa kwamba pkexec, amri iliyo ndani yake, ilikuwa na tundu tangu mwaka 2009 lililomwezesha mtumiaji yeyote kujigeuza ruti. Limezibwa, kwa aliyesasisha kompyuta yake. Najua bando ni ghali, lakini sasisho la usalama siyo la kuahirisha. Jambo jingine linaloniudhi: ule mstari mwekundu ambao Nemo huonyesha ikifunguliwa kama ruti, na onyo la Thunar, wateja wangu huvikuta kwa Kiingereza, na onyo usilolisoma ni pambo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004. Miaka yote hii baadaye, kijana wa Mwanjelwa bado anabofya asichokielewa.

Kabla ya yote, uliza kama ruti anahusika hata kidogo. Nusu ya wanaoniletea neno "ruhusa" shida yao ni nyingine. Diski iliyotoka kwenye Windows mara nyingi hukataa kuandikwa kwa sababu Windows hiyo haikuzimwa kikamilifu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida huacha sehemu ya mfumo imelala ili iwake haraka kesho, na Linux ikiona hivyo inafungua diski kwa kusoma tu. Hapo hata ukiwa ruti mara mia hutaandika. Irudishe kwenye Windows, shikilia Shift unapozima, basi. Na flashi za kawaida za FAT32 au exFAT hazihifadhi namba ya mwenyewe kabisa, kwa hiyo zikikataa, tafuta sababu kwenye flashi yenyewe.

Nikarudi Mwanjelwa Jumamosi. Niliandika df -h, diski ikaonyesha asilimia 98. Nikafungua terminali mbele ya kijana, nikamwonyesha folda ya .Trash-0 na kila kilichokuwa ndani yake, mama akaangalia majina ya folda na kuthibitisha kwamba hazihitaji tena. Kisha sudo rm -r na anwani kamili ya folda hiyo, ambayo nilimsomesha kijana kwa sauti mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Baada ya hapo sudo chown -R 1000:1000 kwenye diski hiyo pekee, ili picha zilizobaki ziwe za mwenye duka. Ikachukua dakika chache. df -h tena: asilimia 41.

Mama akafungua droo ya hela, akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia anitolee kopi mbili za kitambulisho changu, tumemalizana.