MAELEZO KUHUSU SHERIA NA MITAMBO KATIKA KUZUIA ULEVI WA WATOTO

Wakazi wa Jiji la Arusha na wa vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, pamoja na watumishi wa Serikali, wanakumbushwa kuwa, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria hiyo inakataza kumwuzia mtoto kileo, na inamtaka mwenye baa kutomruhusu kuingia humo.

Tarehe 1 Machi, 2017, pombe kali zilizofungwa katika vifuko vya plastiki, maarufu kwa jina la viroba, zilipigwa marufuku nchini. Viroba viliuzwa kwa bei ndogo na vilifichika kwa urahisi katika mfuko wa sare ya shule. Chupa ni ghali zaidi, tena huonekana. Kwa hiyo marufuku hiyo ilimwondolea mtoto njia moja ya ulevi.

Tangu mwaka 2019, Mamlaka ya Mapato Tanzania imetumia stempu za kodi za kielektroniki kwenye chupa za pombe. Mnunuzi anaweza kuikagua stempu kwa programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu. Hata hivyo, ieleweke kuwa stempu huthibitisha uhalali wa chupa, na haisemi lolote juu ya umri wa mnunuzi. Muuzaji mwenye shaka hana budi kutaka Kitambulisho cha Taifa, ambacho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18.

Aidha, pombe ya ndizi ipikwayo majumbani haina stempu, wala gongo, ambayo kuipika bila leseni ni kosa. Huko mtambo haufiki. Jukumu ni la mzazi, jirani, mwalimu na mwenyekiti wa kitongoji. Mzazi amtumaye mtoto kununua pombe humwonyesha njia ya kilabuni, na humzoeza muuzaji kumhudumia mtoto bila kuuliza umri.

Aonaye mtoto akiuziwa kileo anaombwa kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kata, Afisa Ustawi wa Jamii, Polisi, au kwa simu namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, isiyotozwa malipo. Taarifa itaje mahali, siku na saa, ili hatua zichukuliwe bila kuchelewa.