Pua Iliyoziba Miezi Mitatu Si Mafua Tena

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa pumzi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyetuhimiza kutafuta dawa tunapougua.

Familia nyingi za Pwani leo zina watu wao chini ya Mlima Kenya: binti aliyeolewa Meru, kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Embu, mjomba mwenye duka. Katika simu zinazotoka huko, lalamiko moja tumelisikia mara nyingi: pua imeziba tangu nifike. Baridi ya asubuhi, vumbi la kiangazi na moshi wa kuni hulaumiwa, na pengine kwa haki. Lakini miezi hupita, vidonge vya dukani huisha, na mgonjwa huambiwa avumilie. Ndipo tunaposema: pua iliyoziba, au inayotoa makamasi mazito, kwa wiki 12 au zaidi si mafua tena. Mwenye nayo anastahili kutazamwa ndani ya pua, wala si kukisiwa kwa nje.

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vya hewa viitwavyo sainasi. Viko jozi nne: kwenye mashavu, kwenye paji la uso, baina ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Kila chumba kina mlango mwembamba, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho husukuma ute kuuelekea mlango huo. Mlango ukivimba, ute hutuama, na kilichotuama huharibika. Hapo huja uzito wa uso, harufu mbaya, na kwa wengine kupotea kwa uwezo wa kunusa, hata mama asijue kuwa chakula kinaungua jikoni. Wakati mwingine huota vinyama laini ambavyo havitoki kwa kupenga wala kwa kujifukiza.

Chombo cha kutazamia huitwa endoskopu. Ni kijiti chembamba chenye taa na kioo, unene wake kwa mtu mzima ni kama milimita 4. Daktari hutia puani dawa ya ganzi, kisha hukiingiza polepole na kuona milango ya sainasi, vinyama, usaha au mfupa uliopinda. Uchunguzi huchukua dakika chache, na mgonjwa huwa macho. Faida yake kubwa ni kuondoa dhana. Wako wanaojiita wagonjwa wa sainasi kwa miaka, kumbe wana kipandauso, na dawa zake ni nyingine kabisa.

Si kila anayetazamwa hupasuliwa. Matibabu huanza kwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi na kwa dawa ya kupuliza ya kupunguza uvimbe, kwa wiki kadhaa. Isiposaidia, hupigwa picha ya CT, kisha hufikiriwa upasuaji. Zamani daktari alichana ufizi chini ya mdomo wa juu ili afikie sainasi ya shavu. Profesa Messerklinger wa Graz, Austria, alionyesha kwamba ute hufuata mlango wake wa asili, na tangu miaka ya 1980 njia ya kupanua mlango huo kwa endoskopu ikaenea duniani. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, kazi yote hupitia tundu za pua, na uso haubaki na kovu. Hatari zipo, nazo ni kutokwa damu na, kwa nadra, kuumia jicho au utando wa ubongo. Vinyama navyo huweza kurudi, kwa hiyo usafishaji huendelea hata baada ya upasuaji.

Wanaoona kwamba kutia chombo puani ni mambo ya kigeni wakumbuke kuwa Al-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake cha At-Tasrif namna ya kuzinasa kwa ndoano na kuzikata nyama zilizoota puani. Enzi zake hapakuwa na taa ya kuingia ndani. Leo ipo.

Aliyeko Meru au Embu aanzie kituo cha afya kilicho karibu, aombe barua ya kwenda kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Zote mbili, ya Meru na ya Embu, ni za Level 5. Aulize mapema: endoskopu ipo? Upasuaji hufanyika hapa, au nitapelekwa Nairobi? SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani? Dada zetu wanaochelea sitara wanaweza kuomba daktari au muuguzi wa kike, au kuingia na maharimu. Kinachohitajika kufunuliwa ni uso tu.

Nyumbani tuna wajibu wetu. Udi na ubani ni pambo la nyumba zetu, lakini moshi ni moshi. Mwenye pua mbovu asifukizwe chumbani. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, kwani yakizidi huziba zaidi. Kupandisha maji puani wakati wa udhu ni ibada, wala hakuchukui nafasi ya tiba. Na maji ya chumvi ya kusafishia pua yawe yaliyochemshwa yakapoa. Mwezi wa Ramadhani, dawa ya kupuliza mara nyingi huwa ya mara moja kwa siku, hivyo daktari anaweza kuipanga baada ya futari.

Yako mambo yasiyongoja miadi: jicho kuvimba au kuona vitu viwili, kichwa kikali pamoja na shingo kukakamaa. Hayo ni ya kukimbiziwa hospitali siku hiyo hiyo. Pua inayoziba na kutoa damu upande mmoja tu nayo ichunguzwe upesi, na mtoto anayetoa usaha wa kunuka tundu moja huenda ameingiza shanga au punje ya maharagwe.

Mama zetu wamezoea kuwahimiza wengine watibiwe huku wao wakisubiri. Subira ni fadhila, lakini si fadhila kuacha tiba iliyopo. Simu ijayo ya kutoka bara ikija na lalamiko lile, tusijibu kwa pole peke yake. Tuulize ni wiki ya ngapi.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.