Tamthilia ya nyimbo iliyozimwa Limuru na kurudi jukwaani baada ya miaka 45

MWEZI Mei 2022, wapenzi wa sanaa waliingia katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, jijini Nairobi, kutazama mchezo ambao wengi wao walikuwa wameusoma vitabuni tu. Mchezo huo ni Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na unaojulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda.

Kwa aliyelipa kiingilio, ulikuwa usiku wa burudani: nyimbo, ngoma, kicheko na machozi. Waigizaji waliucheza kwa Gĩkũyũ katika baadhi ya maonyesho na kwa Kiingereza katika mengine. Hata hivyo, safari ya kutoka Limuru hadi jukwaa hilo, mwendo usiozidi saa moja kwa gari, iliuchukua mchezo huo miaka 45. Kulikoni?

Kisa chenyewe ni chepesi. Kĩgũũnda ni kibarua anayemiliki shamba la ekari moja na nusu, na hati ya shamba hilo ameitundika ukutani kama picha ya mpendwa. Bintiye, Gathoni, anapendwa na mwana wa tajiri anayemwajiri babake. Tajiri huyo na wenzake wanawashawishi Kĩgũũnda na mkewe, Wangeci, wafunge ndoa ya kanisani, kwa madai kuwa ndoa yao ya kimila ni maisha ya dhambi.

Wazazi hao, wakidhani kwamba posa ya binti yao iko njiani, wanaiweka rehani hati ya shamba ili wapate mkopo wa benki wa kugharimia harusi. Gathoni anapachikwa mimba na kukataliwa. Kĩgũũnda anafutwa kazi, mkopo unamshinda, na shamba linaishia mikononi mwa tajiri yule yule.

Katika mchezo huu, nyimbo si pambo. Wahusika wanapokumbuka harusi ya jadi, huimba na kucheza nyimbo za harusi hiyo. Wanaposimulia vita vya kupigania uhuru, nyimbo za wapiganaji huchukua nafasi ya maelezo marefu. Mtazamaji aliyezijua nyimbo hizo tangu utotoni hakuhitaji kufafanuliwa lolote. Naye aliweza kuitikia.

Hapo ndipo penye siri ya nguvu ya mchezo huo. Ulitayarishwa mwaka wa 1977 katika kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ambako watu wazima walikuwa wakifunzwa kusoma na kuandika. Waigizaji walikuwa wakulima, wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba ya majani chai. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wazee waliwasahihisha waandishi palipokosewa lugha, wimbo au hatua ya ngoma. Wanakijiji wenyewe walijenga ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu wapatao 2,000.

Onyesho la kwanza lilifanyika Jumapili, Oktoba 2, 1977. Watu walifika kutoka vijiji vya mbali. Lakini mnamo Novemba 16 mwaka huo huo, serikali ilifuta kibali cha maonyesho. Desemba 31, Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuzuiliwa bila kushtakiwa katika gereza la Kamiti, hadi Desemba 1978.

Ikumbukwe kuwa mwandishi huyo alikuwa tayari amechapisha riwaya na tamthilia kadhaa kwa Kiingereza zilizowakosoa watawala. Tofauti ya mara hii ilikuwa lugha na hadhira. Kibarua asiyejua kusoma aliona maisha yake mwenyewe yakichezwa na jirani yake, kwa lugha ya nyumbani, na akarudi kwake akiuimba ujumbe huo.

Kundi hilo halikukata tamaa. Mwaka wa 1982 lilitayarisha Maitũ Njugĩra, mchezo ambao sehemu yake kubwa ni nyimbo, kuhusu dhuluma za ukoloni na sheria za kipande. Nyimbo zake zilitoka katika jamii mbalimbali za Kenya. Ulitarajiwa kuonyeshwa Februari katika Ukumbi wa Kitaifa, lakini waigizaji walikuta milango imefungwa. Walihamia Chuo Kikuu cha Nairobi, ng'ambo ya barabara, ambako maelfu ya watu walihudhuria mazoezi kabla nayo kupigwa marufuku.

Machi 12, 1982, polisi waliubomoa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ. Waandishi hao wawili waliishia uhamishoni. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikwenda Zimbabwe, ambako alifariki mwaka wa 2008 katika ajali ya barabarani. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani mnamo Mei 28, 2025, miaka mitatu baada ya mchezo wao kuchezwa katika ukumbi ule ule uliofungiwa kundi lao milango.

Kurudi kwa mchezo huo kuna furaha, lakini pia kunazua swali. Mwaka wa 1977 ulichezwa kijijini na wanakijiji, mbele ya watu waliotembea kwa miguu kuufikia. Mwaka wa 2022 ulichezwa na waigizaji wa mjini, mbele ya hadhira iliyomudu tikiti na nauli ya kurudi nyumbani usiku. Kibali kimepatikana, kilichosalia ni kuuwezesha mchezo huo kuwafikia tena kina Kĩgũũnda wa leo, ambao hati zao za mashamba bado zimo benki.