Nyumba ya Zamani: Tuangalie Paa Kwanza

Mkipewa nyumba ya zamani mfanye ofisi au nasari, kazi nyingi mnaziweza wenyewe: kuziba nyufa, kupiga plasta, kupaka rangi. Waya za stima mwachieni fundi mwenye leseni ya EPRA, hata kama kijana wa jirani anasema anajua.

Lakini paa je? Kama ni yale mabati mazito ya kijivu, ambayo si chuma bali ni kama simiti, huenda ni asbesto. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, ila ingali juu ya nyumba nyingi.

Bati zima likikaa tu halina shida kubwa. Shida ni kulivunja, kulikata, kulitoboa au kulisugua kwa brashi. Hutoa vumbi la nyuzi ndogo zisizoonekana; zikiingia mapafuni hukaa humo, na saratani yaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hata 40. Tumeona vijana wakipiga nyundo juu na akina mama wakifagia chini, leso puani. Leso haizuii kitu.

Nendeni ofisi ya NEMA ya kaunti mkaulize nani ana leseni ya kuyatoa. Hao huyalowesha, huyateremsha mazima, huyafunga kwa plastiki na kuyapeleka jaa lililoidhinishwa. Ni gharama, tunajua. Pesa zikikosa, liacheni paa lilivyo, mpake kuta kwanza. Na vile vipande vilivyoanguka nyuma ya jiko, watoto wasivichezee.