Msiba wa rafiki: wewe nani anakupa pole?

Best wako kafariki. Mmeimba wote miaka, njaa ya mazoezi mmeijua wote, na siri zako nyingi kaondoka nazo. Unafika msibani, unaonyeshwa kiti cha nyuma pamoja na majirani. Pole zinakwenda kwa mama, kwa mjane, kwa kaka wa marehemu. Wewe je?

Hata sheria haikukumbuki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilipotungwa, ilimpa mfanyakazi siku 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mwenza, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Rafiki hayumo. Jumatatu kazini kama kawaida.

Kaburi la watu

Nenda Omurushaka, pale njia zinapoachana kuelekea Kayanga na Kyerwa. Kule Karagwe, kama kwingi Kagera, marehemu huzikwa kwao, ndani ya kibanja, katikati ya migomba. Majirani watakuja, watapika, watalala matanga. Lakini matanga yakishaanuliwa, kaburi ni la ukoo. Rafiki hawezi kuingia kwenye migomba ya watu kila akijisikia kulia.

Basi akalilie wapi? Mara nyingi ni palepale walipokuwa wakikutana: kwenye kwaya, kwenye kikundi cha ngoma, studio. Hao ndio waliomjua marehemu kama unavyomjua wewe, na mbele yao huhitaji kueleza kwa nini bado unalia.

Wanne wakabaki wawili

Wapenzi wa Bongo Flava wanalikumbuka kundi la Chamber Squad: Ngwair, Mez B, Noorah na Dark Master. Mei 28, 2013, Ngwair alifariki Johannesburg akiwa na miaka 30, akazikwa Morogoro. Rafiki yake aliyekuwa naye safarini, M to the P, alilazwa hospitali hiyohiyo, akapona. Februari 2015 akafuata Mez B. Chini ya miaka miwili, wanne wakawa wawili.

Aliyebaki katika hali kama hiyo, mara nyingi kabla ya pole anapewa maswali: ilikuwaje? Kikundi chenye upendo kinamwondolea mzigo huo. Kinamwacha anyamaze, na akitaka kusema, kinamsikiliza.

Kwa hiyo, wana kikundi, msikimbilie kujaza nafasi ya marehemu wiki inayofuata. Mtajeni kwa jina mazoezini. Kumbukeni vituko vyake, mcheke, msione aibu. Wimbo aliouacha nusu una wenyewe. Iombeni ruhusa familia yake kabla ya kuumalizia. Na mama yake msimsahau baada ya arobaini.

Na wewe mwenza

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapopata nyufa. Mkeo karudi mazoezini macho mekundu, wewe unamwambia, "Kwani alikuwa ndugu yako?" Au mumeo anaongea na wenzake wa bendi mpaka usiku, unaanza wivu: mbona mimi haniambii?

Ndugu yangu, hajakuacha. Kuna machozi yanayotaka mtu aliyeimba naye sauti ya pili. Wewe mwekee chakula, muulize tu, "Leo mmeimba nini?" Ipo siku atakujibu kwa kirefu.