Kuku Mgeni Asiingie Bandani Siku Hiyo Hiyo

Wazee wetu walisema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Walisema hivyo kwa sababu waliona. Kuku akiletwa kutoka mahali pengine hufungwa kamba ili asitoroke. Baada ya siku mbili tatu huwa amezoea. Hapo hufunguliwa, naye huingia bandani kulala na wenzake.

Kamba hiyo ni nzuri, maana inamzuia kuku asipotee. Lakini kamba haizuii ugonjwa, wala haizuii ugomvi. Ugonjwa na ugomvi ndiyo mambo yanayomaliza ndege katika nyumba zenye kuku, bata, kanga na njiwa kwa pamoja. Leo tuzungumze jinsi ya kuwaweka ndege hao katika nyumba moja wakapatana, na sisi wenye nyumba tukabaki na afya.

Tuseme umekwenda gulioni. Umeuza debe moja la mahindi na umenunua mtetea mzuri. Mtetea huyo alishinda kutwa ndani ya tenga pamoja na kuku wa vijiji vitano au sita. Walikunyiana, tena walikunywa maji ya kopo moja. Wewe unamtazama macho, unaona yanang'aa. Unampapasa kifua, unaona kimejaa. Unasema, huyu ni mzima.

Huenda ni mzima kweli. Lakini kuku aliyeambukizwa mdondo, ambao wengine huuita kideri, anaweza kukaa siku 5 au 6 kabla ya kuonyesha dalili. Mara nyingine hukaa hata siku 15. Dalili zikionekana, yeye amekwisha kula na kuku wako wote na kulala nao juu ya fito moja.

Dalili za mdondo wengi wetu tunazijua. Kuku hujikunyata na kushusha mabawa. Hupumua kwa shida. Huharisha kinyesi cha kijani. Shingo hupinda na miguu hulegea. Wengine hufa ghafla bila dalili yoyote. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuutibu. Banda la kuku 30 wasiochanjwa linaweza kubaki na kuku 2 au 3 tu. Hao waliokufa ndio waliokuwa sare ya mtoto wa shule. Ndio waliokuwa mayai ya mama mjamzito, na kitoweo cha siku ya mgeni.

Basi, mgeni akae peke yake. Mweke wiki 3. Ukishindwa kabisa, zisipungue wiki 2. Kuna msemo kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuku mgeni usimpe jembe hata siku ya kumi. Mtafutie tenga kubwa au kizimba, umweke chini ya kivuli, mbali na banda kadiri kiwanja chako kinavyoruhusu. Awe na kopo lake la maji na chombo chake cha chakula. Kila asubuhi hudumia wenyeji kwanza, mgeni awe wa mwisho. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni, na safisha kandambili zako. Kinyesi kilichoganda chini ya kandambili kinatosha kupeleka ugonjwa kutoka kizimbani hadi bandani.

Katika siku hizo mchunguze vizuri. Funua manyoya chini ya mabawa na karibu na mkia, uone kama ana utitiri au chawa. Kama wapo, mwulize bwana mifugo au bibi mifugo dawa ya kutumia, maana dawa nyingine za kuua wadudu ni sumu kwa kuku na kwa watoto.

Tena huo ndio wakati wa chanjo. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 hutengenezwa hapa nchini Tanzania. Hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo inafaa vijijini, ingawa nayo haipendi jua. Hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kuku mkubwa na kwa kifaranga pia. Hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kuku mmoja akichanjwa na mwenzake akaachwa, kazi haijafanyika. Na chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuambukizwa. Tena inahitaji kama wiki 2 ili kinga ijengeke mwilini. Kwa sababu hiyo, chanja wenyeji na mgeni wakiwa bado mbalimbali, halafu subiri.

Je, mgeni akianza kuugua akiwa kizimbani? Hapo umeokoa wengine wote. Usimpeleke gulioni. Usimpe shemeji yako kama zawadi. Nasema hivi wazi kwa sababu ni desturi mbaya sana iliyozoeleka: kuku wakianza kufa kwa jirani, watu huharakisha kuuza waliobaki. Anayefanya hivyo anasambaza mdondo wilaya nzima kwa bei ya kutupa. Kuku aliyekufa azikwe shimo refu au achomwe moto, na bwana mifugo apewe habari.

Sasa tuje kwenye ugomvi

Kuku wana wakubwa wao. Katika kila kundi yuko anayemdonoa kila mmoja na hadonolewi na yeyote. Wa pili humdonoa wa tatu, na kuendelea mpaka chini. Wa mwisho hudonolewa na wote. Mtaalamu mmoja wa Norway aliandika habari hizo mwaka 1922, lakini akina mama waliokwisha kumwaga pumba uani wamezijua siku zote. Utaratibu huo si ubaya. Kila kuku akijua mahali pake, kundi hutulia.

Mgeni akiingia, utaratibu wote huvurugika. Lazima kila mmoja ampime. Ukimtupa ndani ya banda dogo saa ya mchana, hana pa kukimbilia. Atadonolewa kichwa hadi damu itoke. Kuku wakiona damu hawaachi. Wanaweza kumwua.

Kwa hiyo, wiki zake za kukaa peke yake zikiisha na ukaona ni mzima, sogeza kizimba chake karibu na banda. Waonane kwa siku 3 au 4 kupitia fito bila kugusana. Watatazamana, watajaribu kudonoana, mwisho watachoka. Ndipo umfungulie nje, uwanjani, ambako akifukuzwa ana nafasi ya kukimbia. Chakula usimwage rundo moja. Mwaga mahali patatu au panne, na maji yawe vyombo viwili. Mkubwa hawezi kulinda kila mahali kwa wakati mmoja. Jioni, giza likianza, mpandishe mgeni kwenye fito pamoja na wengine. Kuku haoni vizuri gizani, hivyo hana nguvu za kugombana.

Ukiweza, leta wageni wawili badala ya mmoja. Mateso yao hugawanyika. Na usikimbilie kuamua kila wanapodonoana. Waache wapange mambo yao. Ingilia kati ukiona damu tu. Mtoe aliyeumia, msafishe kidonda kwa maji ya chumvi, mrudishe kizimbani mpaka kikauke.

Majogoo ni shauri jingine. Jogoo mmoja anatosha majike kama 10. Ukiwa na majike 8 na majogoo 4, hutapata amani, na majike watanyonyolewa migongo. Majogoo wa ziada ni kitoweo. Watu husema jogoo la shamba haliwiki mjini, na ni kweli kwamba jogoo mgeni mara nyingi hunyamaza siku za kwanza. Siku akiwika mbele ya mwenyeji, jiandae kuona manyoya yakiruka.

Ndege wa aina mbalimbali

Bata hapigani sana na kuku, lakini ana maji yake. Huchezea maji mpaka sakafu yote ikalowa. Unyevu huo huleta ugonjwa wa kuharisha damu kwa vifaranga vya kuku. Kwa hiyo bata walale chumba chao, na maji yao yawe nje. Dume la bata ambalo halina majike ya kutosha huparamia kuku na kuwaumiza. Tena bata anaweza kubeba mdondo bila kuugua, kwa hiyo usitangaze usalama kwa kuwa bata wako wanatembea vizuri.

Kanga ni mlinzi mzuri. Akiona nyoka au mwewe, kijiji kizima kitajua. Ila kanga dume ni mkorofi, humkimbiza jogoo uwanja mzima. Mpe nafasi ya kutembea mbali na mti wa kulala, na ugomvi hupungua.

Bata mzinga ndiye wa kufikiriwa zaidi. Watu wengi humfuga pamoja na kuku kwa sababu wanafanana katika kula. Lakini kuku wana minyoo midogo matumboni, na mayai ya minyoo hiyo hubeba kijidudu ambacho hakimsumbui sana kuku. Bata mzinga akikila kijidudu hicho udongoni huharibika ini. Hulegea, hutoa kinyesi cha manjano, na wengi hufa. Mayai ya minyoo hukaa udongoni zaidi ya mwaka mmoja, hivyo hata uwanja walioacha kuku si salama kwake. Ushauri wangu ni huu: kama huna kiwanja cha pili, chagua mmoja. Fuga kuku au fuga bata mzinga.

Njiwa huishi kwa jozi. Nunua jozi, usinunue madume matatu na jike mmoja. Kila jozi ipate viota viwili, kwa kuwa jike hutaga tena wakati makinda bado yanalishwa. Nyumba yao iwe juu, si juu ya maji ya kuku. Unapofagia kinyesi cha njiwa kilichokauka, nyunyizia maji kwanza na ujifunge kitambaa puani na mdomoni. Vumbi lake huumiza mapafu.

Kuku na binadamu nao wapatane

Nyumba nyingi bado hulaza kuku ndani, jikoni au chini ya kitanda, kwa kuogopa wezi na vicheche. Hofu hiyo ina sababu. Lakini mtoto anayetambaa hushika kinyesi cha kuku sakafuni na kupeleka mkono mdomoni. Vijidudu vilivyomo humletea kuhara, na mtoto anayeharisha mara kwa mara hakui vizuri hata akila. Mwaka 2017 mafua makali ya ndege yaliingia Uganda. Ndege wa porini walikufa kandokando ya Ziwa Victoria, na kuku na bata wa nyumbani walipatikana nayo pia. Ugonjwa wa namna hiyo ukija, anayelala chumba kimoja na kuku yumo hatarini zaidi. Ukiona ndege wengi wamekufa pamoja, usiwashike kwa mikono mitupu wala kuwala. Toa habari.

Jenga banda la fito juu ya miguu minne, karibu na dirisha lako ili usikie usiku. Sakafu ya fito huacha kinyesi kidondoke chini, nawe hukipata kwa ajili ya bustani. Hatua moja ndefu kwa hatua moja ndefu inatosha kuku 3 au 4. Mlango uwe na komeo. Kuwahamisha kutoka jikoni, wafungie humo siku 4 au 5 kwa chakula na maji, kisha uwafungulie asubuhi na kuwapa pumba kidogo bandani kila jioni. Watakaorudi kusimama mlangoni pako siku za mwanzo, wabebe mmoja mmoja uwapeleke kwao.